Waya wa Baharini na Kaseti za Sandukuni

Ukisimama karibu na Ngome ya Yesu wakati wa alasiri, maji yakiwa yamejaa, hutaona baharini ila ngarawa mbili tatu na pengine meli inayoelekea Kilindini. Lakini chini ya bahari yetu hii mmelazwa waya. Mwezi wa Juni 2009 ulifika Mombasa waya uitwao TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwezi uliofuata ukaanza kazi mwingine uitwao SEACOM. Kabla ya hapo intaneti yetu, karibu yote, ilipitia angani kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua.

Nilipopata habari ya waya ule wa Fujairah nilicheka peke yangu, kwani njia uliyoipita ni ile ile ya majahazi. Wazee wetu walingoja kaskazi ivume ndipo majahazi yalete tende, mazulia, samaki wa chumvi na habari za nani kafa na nani kaoa huko Maskati. Leo habari hizo hazingoji upepo. Mtu akipiga chafya Dubai, Kibokoni twamwambia afya.

Wala waya si jambo geni kwetu. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa simu za maandishi kutoka Aden hadi Unguja, na mwaka 1890 ukafika Mombasa. Huo ulikuwa waya wa makampuni na watawala. Mvuvi wa Mkanyageni hakuwa na la kupeleka wala la kupokea. Tena kila neno lililipiwa, na kwa hivyo watu walijifunza kusema machache. Laiti ada hiyo ingerudishwa, japo kwa wiki moja tu, katika haya makundi yetu ya WhatsApp!

Mengi husemwa juu ya simu hizi za mkononi, na mengi yake ni lawama. Mimi leo, msomaji wangu, nataka nianze na jambo ambalo silisikii likisemwa. Chombo hiki kimewarudishia ulimi watu ambao kalamu ya skuli iliwanyima. Katika miji yetu wako mabibi waliosoma chuoni, wanaozijua herufi za Kiarabu barabara, na ambao maisha yao yote wameandikiana barua za Kiswahili kwa herufi hizo. Mkoloni alipochagua herufi za Kizungu ziwe ndizo za skuli na za afisi, mabibi hao wakahesabiwa kuwa hawajui kusoma. Mtu anayeweza kukusomea utenzi mzima huku akipepeta mtele akaandikwa katika daftari ya serikali kuwa ni mjinga! Leo bibi wa miaka themanini hushika simu, akabonyeza palipo na picha ya kipaza sauti, akamgombeza mjukuu wake aliyeko Toronto kwa Kiswahili kilichonyooka, na mjukuu hana budi kusikiliza mpaka mwisho. Barua ya sauti haikuulizi herufi gani unazijua.

Wenye umri wangu hawataishangaa barua ya sauti, kwani wanakumbuka kaseti. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wengi wa Pwani walikwenda Bara Arabu kutafuta riziki, wengine Jeddah, wengine Maskati, wengine Dubai na Abu Dhabi. Kupiga simu kulikuwa gharama na kungojana. Basi mtu alinunua kaseti tupu ya dakika 60, akajifungia chumbani, akasema upande wa kwanza na upande wa pili, kisha akampa msafiri. Kaseti ikifika, nyumba nzima hukusanyika. Mtoto huambiwa anyamaze. Redio kaseti huwekwa katikati ya chumba kama mgeni, na kila anayetajwa jina lake hujisogeza mbele. "Na mamangu mdogo namsalimu sana sana," na mama mdogo papo hapo hushika leso yake akajifuta macho.

Jawabu nayo ilirekodiwa hapo hapo, bila ya kufunga dirisha. Ndani yake mliingia adhana ya magharibi, kuku, mtoto anayelia, na muuza kahawa akipita na kugonganisha vikombe vyake. Rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi Jeddah miaka saba aliniambia kwamba maneno ya mamake aliyajua kwa moyo, lakini alichokuwa akikirudia usiku ni ile sauti ya vikombe. Na mara nyingi kaseti haikuwa tupu kweli. Ilikuwa ya taarabu iliyorekodiwa juu yake, hata salamu zikimalizika mapema husikia pumzi kidogo, kisha Juma Bhalo akaibuka katikati ya ubeti kama kwamba alikuwa akisubiri nyuma ya pazia.

Nimemtaja Juma Bhalo, na siwezi kupita hivi hivi. Santuri ilikuwa ya wachache. Siti binti Saad alikwenda hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika sahani, na gramafoni ya kuipigia ilikuwa ya mwenye nacho. Kaseti ndiyo iliyoipeleka taarabu katika kila nyumba. Duka la Mbwana Radio Service hapa Mombasa lilitoa kaseti za Juma Bhalo, za Zein l'Abdin, za Maulidi Juma, za Zuhura Swaleh, na kaseti hizo zikasafiri kwa mkono hadi Lamu, Tanga, Unguja na Bara Arabu. Nyingi zilirekodiwa arusini, sauti za watu zikisikika kwa nyuma, si katika vyumba vya kurekodia. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Kaseti zao bado zimo sandukuni mwetu, na hilo nitalirudia.

Sasa nije kwenye arusi, kwani hapo ndipo simu na adabu yetu zilipogongana vibaya. Kila mtu wa Pwani ajua kupamba ni nini. Bibi arusi hutolewa akaonyeshwa mbele ya wanawake wenzake, na wageni nao huvua mabuibui wakabaki na nguo zao za thamani, nywele zimetengenezwa, hina imekolea. Ni usiku wao. Hapana mwanamume. Starehe yote ya usiku ule imejengwa juu ya jambo moja, kwamba macho yaliyomo ukumbini ndiyo macho yatakayoona. Simu yenye kamera imeubomoa msingi huo. Mwanamke mmoja hupiga picha ya bibi arusi kwa mapenzi tu, na nyuma ya bibi arusi wamo wageni kumi ambao hawakuulizwa. Kufikia asubuhi picha iko Mambrui, na iko Manchester, mikononi mwa waume na ndugu za watu.

Dada yangu hunieleza yanayofanyika siku hizi mlangoni. Katika arusi nyingine simu hutwaliwa zikatiwa mfukoni na kupewa nambari, kama viatu. Katika nyingine kamera hubandikwa karatasi. Katika kadi za mwaliko huandikwa kwa maneno ya upole kwamba simu haziruhusiwi. Wako wanaoudhika, wakasema hawaaminiwi. Mimi naona wamama hawa wamefanya jambo la busara ambalo serikali na makampuni makubwa yameshindwa kulifanya. Wamesema wazi kuwa sura ya mtu ni yake, na kwamba ruhusa ya kuonekana ukumbini si ruhusa ya kuonekana duniani. Wanasheria wa Nairobi wameandika sheria nzima juu ya kulinda habari za mtu binafsi, na Bunge likaipitisha mwaka 2019. Wamama wetu walikwisha kuitekeleza kwa kapu na vikaratasi vya nambari.

Habari zenyewe zinazotembea katika simu ni mtihani mwingine. Asubuhi hupokea ujumbe kwamba dawa fulani yaponya sukari, adhuhuri kwamba mwanasiasa fulani ameuza kiwanja cha makaburi, jioni kwamba wote wawili wamekanusha. Ukimwuliza aliyekuletea, jawabu ni moja: "Nimetumiwa kama ulivyo." Na sisi ndio watu ambao wanazuoni wetu hawaipokei hadithi mpaka waijue silsila yake, fulani kutoka kwa fulani, na kila fulani apimwe ukweli wake na kumbukumbu yake! Mtoto wa chuoni ajua isnadi ni nini. Lakini baba yake, mtu mzima mwenye mvi, hupeleka uvumi usio na mwenyewe kwa makundi manane kabla hajanywa chai. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari. Mwaka 2019 waliweka mpaka kwamba ujumbe usipelekwe kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliozunguka sana wakaupunguzia hadi mmoja. Mpaka huo ni wa mashine. Hauupimi uwongo na ukweli, wapima mbio tu.

Nafikiri sana juu ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kila nionapo mambo haya. Mwaka 1930 alianza kutoa hapa Mombasa kikaratasi alichokiita Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, akakigawa kwa watu. Mwaka 1932 akatoa gazeti, Al-Islah. Hakuwa na mtambo mkubwa wala fedha za kutupa. Alikuwa na jambo la kusema juu ya hali ya watu wake, juu ya elimu ya watoto na uvivu wa wakubwa, akaliandika, na jina lake likajulikana. Asiyekubaliana naye alijua nyumba ya kwenda kubisha hodi. Kwa ukubwa, Sahifa haikuzidi ujumbe mmoja wa simu.

Wako pia walioficha majina yao kwa sababu ya haki. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" ukagawiwa kwa siri. Alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 3, na humo gerezani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki. Sheria ile ya uchochezi aliyofungwa nayo ilifutwa mwaka 1997. Basi sisemi kwamba kila asiyetaja jina ni mwoga. Nasema kwamba aliyeuandika waraka ule alijua gharama yake, akailipa. Anayebonyeza kidole ili uvumi uendelee mbele hatarajii kulipa kitu, hata vifurushi vya intaneti siku hizi ni vya bei nafuu.

Na wenye nguvu nao wanajua chombo hiki ni nini. Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge Nairobi, intaneti ilidhoofika sana nchini. Siku moja kabla yake Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kuwa haina nia ya kuizima. Kampuni ya simu ikaeleza kwamba nyaya mbili za baharini zilipata hitilafu. Kweli nyaya huharibika, na mwezi wa Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, tukataabika. Kila mtu aliifasiri hitilafu ya Juni kwa jinsi anavyoiamini serikali yake. Barazani kwetu jioni ile mzee mmoja aliitoa redio yake ya betri, na vijana ambao kwa kawaida huinamia simu kila mmoja peke yake wakamzunguka. Nilitamani kukaa zaidi, ila mbu walikuwa wengi.

Lakini linalonikosesha usingizi si siasa. Ni lugha. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano hapa hapa Mombasa, ukaamua kwamba Kiswahili cha vitabu na cha skuli kiwe Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha. Kimvita, lugha ya Muyaka, kikabaki nyumbani. Sikulaumu kuwa na lugha moja ya kuandikia. Hata makala haya nayaandika kwa hiyo. Na Kimvita hakikufa, kwa kuwa kilikuwa na washairi. Mwaka 1971 Ahmad Nassir alitoa Malenga wa Mvita, na Shihabuddin Chiraghdin akasimama upande wake. Kilikuwa pia na mama zetu, ambao hawakujali kamati yoyote.

Sasa imekuja mashine. Naandika "ndaa" katika simu, nayo yanisahihisha, yataka niseme "njaa". Naandika "mtele", yanipa "mchele". Naandika "ndoo" kumwita mtoto, na simu yadhani nataka chombo cha kutekea maji. Hilo ni dogo, lachekesha. Kubwa ni hizi akili bandia ambazo siku hizi zinasema Kiswahili, zinatafsiri, zinaandika barua, na nyingine zinasema kwa sauti kabisa. Mashine hizi hujifunza kwa kusoma yaliyoandikwa na kusikia yaliyorekodiwa. Kisichoandikwa wala kurekodiwa kwao hakipo. Na Kimvita kilichoandikwa ni kidogo, hasa kile cha jikoni na cha barazani.

Tena yako mambo ambayo hata kuandikwa hakutoshi. Kaa wa baharini na kaa la moto huandikwa sawa, lakini katika kinywa cha bibi yangu hayakuwa sawa, kwani yule wa baharini alimtoa kwa pumzi. Kadhalika paa la nyumba na paa wa mwituni. Vijana wengi wa leo hawatofautishi, na kitabu hakiwezi kuwasaidia, kwa kuwa herufi ni zile zile. Shahidi wa matamshi yale ni mmoja tu, nao ni ukanda wa kaseti. Waliorekodi barua zile za sauti walikuwa wakiuliza bei ya mabati na kupeleka salamu, hawakujua kwamba wanatunza lugha.

Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi yake kutoka katika vifua vya watu wa Mombasa, akisaidiana na mmisionari Mwingereza, Taylor. Karatasi zikaenda London. Mwaka 1940 William Hichens akazitoa kitabu, Diwani ya Muyaka, huko Johannesburg. Yaani mshairi wa Mvita twamsoma kwa sababu mwalimu mmoja wa mji huu hakungoja. Kwa upande wa maandishi siku hizi pana kazi njema. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na vyaweza kutazamwa kwa intaneti. Sauti bado hazijapata Sikujua wao.

Na kaseti hazingoji. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Ukanda hushikana, ukaota ukungu mweupe. Kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoukandamiza ukanda hubanduka, kwa kuwa gundi yake imekauka, na sauti ikawa kama ya mtu aliye chini ya maji. Fundi ninayemwendea ana shauri moja: usiipige kwanza. Izungushe kwa penseli taratibu, uone kama inakwenda. Ikiwa ganda lina parafujo, lifungue, uuhamishe ukanda katika ganda zima, kisha uipige mara moja tu huku ikinakiliwa katika kompyuta. Mashine za kupigia zenyewe hupatikana kwa shida, na mpira wake wa kuzungushia huwa umeyeyuka.

Hapa ndipo ile kadhia ya arusi inaponirudia. Kaseti ya taarabu ilifanywa isikike, na hotuba ya msikitini vile vile. Lakini barua ya mama kwa mwanawe ina siri ndani yake, ina madeni, ina ndugu waliokosana, ina mwanamke analia. Je, kwa kuwa amekwisha kufa, sauti yake itiwe mtandaoni ili mashine ya mtu asiyejulikana ijifunze kutamka? Wako vijana wetu wenye bidii watakaosema ndiyo, kwa ajili ya lugha. Mimi nasema aulizwe aliye hai katika nyumba ile, kaseti moja moja, na akikataa basi inakiliwe na ikae kwa wenyewe. Lugha ikipungukiwa na kaseti kumi kwa njia hiyo, na ipungukiwe.

Sisi tuna kaseti kumi na nne. Mpaka sasa tumefungua tatu. Ya kwanza ilikuwa imeshikana yote. Ya pili ni hotuba, upande mmoja tu. Ya tatu shangazi yangu anasema na kaka yake aliyekuwa Jeddah. Anamwambia mvua imeingia chumba cha juu, kwamba mtele umepanda, kwamba ile picha aliyoipeleka imetiwa fremu lakini amekonda mno, "ndoo utuone". Kisha anateremsha sauti na kusema jambo ambalo sitaliandika. Dada yangu aliisimamisha mashine, akamwangalia mpwa wangu aliyekuwa akinakili, akamwambia hiyo isitoke nyumbani. Mpwa wangu akaitikia, akaipa nambari 3, akaandika mwaka 1983 kwa penseli, na akaendelea na upande wa pili.